Bajeti ya Petra: usilipie chumba kabla hujajua mlima uko upande gani

Msomaji mmoja kaniandikia akiwa amefura, na hasira zake nimezielewa. Alikuwa anakwenda Petra, ule mji wa kale wa Jordan uliochongwa majabalini, akapata chumba mji jirani wa Wadi Musa kwa bei ya kutupa. Picha nzuri, chai ya asubuhi imo, na maelezo yanasema "kilomita mbili tu kutoka lango la Petra". Kilomita mbili ni kweli. Asichoambiwa ni kwamba zote mbili ni mlima, na kwamba mlima huo unaupanda jioni, baada ya kutwa nzima ya kukanyaga mchanga na mawe. La hutaki, unamlipa dereva wa teksi aliyeegesha pale nje ya lango, naye hali ya miguu yako anaijua kuliko wewe. Alipojumlisha teksi zake zote akakuta angelala jirani na lango na chenji ingebaki.

Barua za namna hii zinanijia mara kwa mara, ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia kofia, mafuta ya jua wala hoteli yenye bwawa. Hayo mnayajua. Mimi nimepanga njia za kununua safari ya Petra kwa swali moja ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote: mpando wa kurudi unalipiwa na nani?

Angalia ardhi yenyewe ilivyo. Wadi Musa, mji wanakolala karibu wageni wote, umejengwa mteremkoni. Juu iko chemchemi ya Ain Musa. Katikati kuna mzunguko wa barabara wenye maduka, migahawa na vyumba vya bei nafuu. Chini kabisa ndipo kilipo kituo cha wageni na lango. Ukishapita lango unaendelea kushuka: kama mita 800 za njia ya wazi, halafu Siq, ule ufa kati ya majabali wenye urefu wa kilomita 1.2, mpaka unapotokea uso kwa uso na Hazina, lile jengo maarufu la Petra lililochongwa mwambani. Kutoka hapo unateremka tena, unapita ukumbi wa michezo uliochongwa mwambani na barabara ya nguzo, hadi bondeni. Na bondeni ndipo zinapoanzia ngazi zaidi ya 800 za kupanda Ad-Deir, jengo ambalo ukilikosa umeiona Petra nusu. Kwa hiyo asubuhi kila kitu ni rahisi, miguu inajiendea yenyewe. Deni linadaiwa saa tisa alasiri, lote kwa mpigo.

Wafanyabiashara wa mle ndani wanaijua saa hiyo. Asubuhi kijana mwenye punda atakuita kwa mzaha, "Teksi! Ina kiyoyozi!", ukicheka naye anacheka, mnaachana. Alasiri yule yule hacheki tena, anakutazama magoti. Bei ya asubuhi na ya alasiri ni mbingu na ardhi, na ujanja mwingine ni kukupa bei ya kupanda Ad-Deir peke yake, ukifika juu ndipo unapojulishwa kuwa kushuka ni hesabu nyingine. Kubalianeni safari nzima mkiwa bado chini, na mtamke kwa sauti, "kwenda na kurudi".

Sasa nipange.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu: Jordan Pass, yaani viza na tiketi katika malipo mamoja, ya dinari 75, usiku mbili kwenye hoteli iliyo jirani na lango, na basi la JETT kutoka Amman. Nimeshaitwa wakala wa hiyo Jordan Pass. Sijalipwa hata qirsh moja, ni hesabu tu. Tiketi ya Petra kwa anayelala Jordan ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili na 60 kwa siku tatu. Viza ya kuingia mara moja ni dinari 40. Tiketi ya siku mbili na viza ni dinari 95. Pass ya 75 inakupa vyote viwili, na juu yake Jerash, ngome ya Amman, Wadi Rum na vivutio vingine vingi ambavyo ungevilipia kimoja kimoja. Dinari imefungwa kwa dola, moja ni kama dola 1.41, kwa hiyo hizo 75 ni karibu dola 106. Inauma, lakini inauma mara moja.

Pass ziko tatu, za dinari 70, 75 na 80, na tofauti yake ni siku za Petra tu: moja, mbili au tatu. Anayenunua ya 70 ili aokoe dinari tano simwelewi. Siku ya pili ndiyo inayokuokoa na punda, kwa sababu siku ya kwanza unafanya Hazina na makaburi ukarudi mchana miguu ikiwa na heshima yake, na Ad-Deir unaiachia kesho alfajiri. Tena jangwani mvua nayo ina mambo yake. Novemba 2018 mafuriko ya ghafla yaliwafanya wahamishe watalii zaidi ya 3,000 kutoka Petra. Mwenye siku moja na mawingu juu ya Siq hana pa kukimbilia.

Masharti ni mawili. Uinunue kabla hujaingia Jordan, na ukae nchini angalau usiku tatu, la sivyo ada ya viza utaidaiwa. Halafu, ndugu zangu, Pass inafuta ada, haikupi ruhusa ya kuingia. Si kila pasipoti inayogongewa viza uwanja wa ndege wa Amman. Ulizeni ubalozi kwanza, lipeni baadaye.

Kwa chumba, chaguo langu ni Petra Guest House, na sitajifanya nimefikiria sana. Iko mlangoni kabisa mwa kituo cha wageni. Unatoka langoni ukiwa umechoka kama ulivyochoka, hatua chache umeshafika. Baa yake imo ndani ya kaburi la Wanabatea, watu wa kale walioijenga Petra, lililochongwa mwambani, jambo ambalo halihusiani na bajeti ila nimelisema. Bei yake si ya kuchekea, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ikikushinda, tafuta nyingine kwenye kile kipande cha mwisho cha barabara kinachoishia langoni. Zipo za kawaida kabisa pale, hazina mandhari, hazina bwawa, zina mahali pa kulala. Mandhari ya machweo yanauzwa na hoteli za mlimani, na bei ya mandhari unailipa kwa teksi.

Namba mbili ni Pass hiyo hiyo na chumba cha katikati ya mji, karibu na mzunguko. Hapa ndipo wengi watanunua, na sina ugomvi nao ilimradi waulize swali moja kabla ya kulipa. Hoteli nyingi za juu hutangaza gari la bure kwenda langoni. Uliza linarudisha watu saa ngapi. Usiulize kama lipo, utajibiwa lipo. Kuna linaloshusha wageni asubuhi na kazi yake ikaishia hapo. Kuna linalorudi mara moja tu jioni, wewe saa nane umeshamaliza. Kama jibu ni "utupigie tu simu", omba waandike kwenye ujumbe wa kuthibitisha chumba. Wakikwepa kuandika, ongeza nauli ya teksi kila jioni kwenye bei ya chumba, kisha ulinganishe tena na kile cha langoni.

Na hapo hapo uliza bei ni ya nani na ya nini. Hili linanikera kuliko teksi. Unaandikiwa bei nzuri, unafika mapokezi, unaambiwa ile ilikuwa ya kila mtu, si ya chumba. Au ilikuwa kabla ya kodi na ada ya huduma, ambazo kwenye karatasi zilikuwa vialama viwili vya kujumlisha pembeni mwa namba, vidogo kama chawa. Muulize mwenye hoteli: mimi na mwenzangu, usiku mbili, mwisho wa yote tunatoa dinari ngapi? Anayejibu kwa namba moja, huyo mpe pesa yako.

Namba tatu, gari la kukodi. Kwa mtu mmoja au wawili ni ghali. Kwa wanne linapanda hadi namba moja, kwa sababu mlima unatoweka: mnalala juu kwa bei ya juu-mlimani, mnaegesha kituo cha wageni, jioni mnapanda na gari. Barabara ya Jangwani ndiyo ya haraka. Ile ya Wafalme, inayopitia Karak, ni nzuri zaidi na inakula siku.

Namba nne ni kifurushi cha siku moja kutoka Amman, na hapa nikae kidogo maana ndicho kinachouzwa kwa kelele nyingi. Amman hadi Wadi Musa ni zaidi ya kilomita 200, saa tatu na kitu kila upande. Katikati kuna kusimama dukani, mapumziko ya choo wanayaita, na choo chenyewe kiko nyuma kabisa ya mazulia, vito na chumvi ya Bahari ya Chumvi. Unafika langoni saa nne au saa tano, jua limeshapanda, na unatakiwa kwenye gari alasiri. Umebaki na saa nne, labda tano. Kwenda na kurudi hadi bondeni peke yake ni kama kilomita nane. Ad-Deir kwa hesabu hiyo inakuwa mbio, na mbio zinaishia juu ya punda au kwenye kigari cha umeme cha kurudi langoni, kwa nauli ambayo ikigawanywa kwa dakika ulizokaa ndani ni ya kutia kichaa. Mpando wa kurudi umeulipia wewe, na zaidi ya wengine wote.

Tena soma vizuri neno "kila kitu kimo". Msomaji mwingine alinunua kila-kitu-kimo, kufika langoni tiketi ya dinari 50 haikuwemo. Ilikuwa imeandikwa, ndiyo, kwenye mstari wa mwisho. Hao wauzaji ningewapandisha Ad-Deir mara mbili, mchana wa Agosti.

JETT nayo unaweza kuitumia kwa siku moja, inaondoka Amman saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi alasiri. Ni waaminifu zaidi kwa sababu wanakuuzia kiti na basi, hawakuahidi Petra. Lakini saa ni zile zile.

Namba tano ni kuvuka mpaka asubuhi kutoka nchi jirani na kurudi usiku bila kulala Jordan. Tiketi kwa mtu wa namna hiyo ni dinari 90, karibu dola 127, kwa siku moja. Sina la kuongeza.

Vya bei ya chini kabisa: basi dogo kutoka kituo cha kusini cha Amman, linaondoka likijaa, na vitanda vya chumba cha pamoja mjini juu. Vinafanya kazi. Miaka ishirini na mbili, magoti mazima, nenda.

Matumizi ya ndani yana mitego yake midogo. Farasi kutoka langoni hadi mdomo wa Siq yumo kwenye tiketi, utaambiwa ni bure, na mwisho wa hizo mita 800 utadaiwa bakshishi kwa sura ya mtu aliyedhulumiwa. Ama umpande ukijua, ama utembee, ni mteremko. Ila wakati wa kurudi kipande hicho hicho ni mpando, na huyo ndiye mnyama pekee ninayemtetea: bakshishi ya dinari chache, mwishoni mwa siku, ni pesa halali.

Anayekwambia huwezi kuiona Hazina kutoka juu bila kumlipa, mwache. Njia ya Al-Khubtha iko wazi kwa mwenye tiketi, inakupandisha hadi juu, na pale mwisho kuna hema la chai ambalo mwenyewe atategemea ununue. Nunua chai. Wabedui wa Bdul walikuwa wakiishi kwenye mapango ya humu mpaka walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun mwaka 1985, na chai ya mtu wa pale sijawahi kuiona ghali kama zulia la barabarani. Watoto wanaouza postikadi usinunue kwao, hata mabango ya hifadhi yanasema hivyo, maana kila postikadi ni siku ya shule.

Beba noti za dinari moja na tano. Ukitoa ya 20 bondeni, chenji hakuna, na haijawahi kuwepo.

Na kama una pesa ya kutumia kwa starehe, usiipeleke kwenye mandhari ya machweo. Siku ya pili, ukiwa na tiketi yako tayari, lipia usafiri hadi Petra Ndogo, magofu madogo ya aina ile ile yaliyo jirani, ambako kuingia ni bure, uifuate njia ya nyuma ya milimani hadi Ad-Deir. Unatokea juu, mbele ya jengo lenyewe, na zile ngazi 800 unazishuka huku ukipishana na watu wanaozipanda wakihema, baadhi yao wameshaanza kupatana bei na punda.