Umerudi kwenye trayali? Pikipiki za kununua, kuanzia ya kwanza hadi ya kuacha

Hamu imekurudia. Uliacha trayali miaka kumi au kumi na tano iliyopita, kazi na watoto vikaingilia, na sasa unaishi Uingereza au Hispania au Ufaransa, ambako karibu kila wikendi kuna klabu inafunga utepe kwenye mawe na vijito vya shamba la mtu. Unaingia dukani, unaonyeshwa 300 mpya (yaani injini ya cc 300) inayong'aa. Iache hapo hapo ilipo.

Kwa asiyeujua mchezo: trayali si mbio. Unapita kipande kimoja kimoja cha njia mbovu, juu ya mawe, magogo na matope, kwa pikipiki isiyo na kiti, ukiwa umesimama. Ukigusa chini kwa mguu unahesabiwa alama, ukishindwa kupita unapewa 5, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Kwa hiyo nguvu ya injini si jambo la kwanza kulitazama.

Mpangilio wangu unafuata swali moja tu: pikipiki ipi haitakuadhibu kwa makosa madogo ya mwaka wako wa kwanza? Makosa hayo yana mtiririko wake. Kinachopotea kwanza kwa mtu aliyeacha ni uwezo wa kusimama muda mrefu. Mapaja yakichoka, mwili unaning'inia kwenye usukani. Mikono ikishakaza, mkono wa kulia unavuta mafuta bila kukusudia, na hapo ndipo 300 ya mashindano inaporuka mbele na kukuacha umekaa kwenye tope. Ukiwa na 250 iliyo laini, kosa lile lile linakugharimu alama moja.

Ya kwanza: Beta Evo 250 ya mipigo miwili (two-stroke), iliyotumika

Beta ni Waitaliano, na Evo iliingia sokoni mwaka 2009 ikachukua nafasi ya Rev-3. Tafuta 250 yenye umri wa miaka mitano hadi kumi. Umbo la msingi halijabadilika sana tangu mwanzo, kwa hiyo vipuri vipo tele, vipya na vya mtumba, na mafundi wameizoea. Injini inavuta kutoka chini bila kushtua. Uzito uko chini ya kilo 70, na hilo utalishukuru utakapolazimika kuinyanyua kutoka mtoni kwa mara ya nne siku hiyo hiyo. Ukikuta 300 ya toleo la SS, ile iliyolainishwa, nayo inafaa hasa kama una mwili mkubwa.

Kasoro yake inayojulikana ni klachi. Ikilala usiku kucha na mafuta yakapoa, sahani hugandana. Wenye Evo huingiza gia, wanakamata klachi, wanaisukuma mbele na nyuma mpaka wasikie imeachia, ndipo wanapiga kiki. Hilo ni la kawaida, lisikutishe. La kukutisha ni hili: injini ikishapata moto, ingiza gia ya pili, kamata klachi mpaka mwisho, achia breki. Ikianza kutambaa yenyewe, klachi haiachii vizuri. Mara nyingi tatizo ni gundi iliyovuja kando ya vipande vya msuguano kwenye sahani. Mtu mwenye subira hufungua kifuniko, anaikwangua, anarudisha, kazi ya mchana mmoja. Lakini muuzaji hapaswi kulijua hilo kuliko wewe, na bei inapaswa kushuka.

Kwa nini nimeng'ang'ania klachi hivi? Kwa sababu trayali yote iko kwenye kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kasi unaipanga kwa klachi, mafuta unayashikilia karibu pale pale. Klachi inayoshika na kuachia kwa ghafla itakufundisha tabia mbaya, na tabia hizo hazitoki hata ukinunua pikipiki nyingine.

Ya pili: TRRS One 250

Kampuni hii ya Kikatalani ilianzishwa na Jordi Tarrés, bingwa wa dunia mara saba. One ndiyo ya bei ya chini katika familia yao: shokapu za mbele ni za kawaida kuliko za matoleo ya juu, lakini kwa kiwango cha anayerudi hutaona tofauti. Inageuka kwa urahisi wa ajabu. Ningeiweka ya kwanza laiti zingekuwa nyingi kwenye soko la mtumba kama Beta. Ukikuta iliyotunzwa vizuri karibu na kwako, usisafiri kwenda kutafuta Evo.

Ya tatu: GasGas TXT 250

Ilizaliwa Girona, na tangu mwaka 2019 iko chini ya kundi la KTM. Ni nyepesi, injini yake ni ndogo kwa umbo, na mchezaji mzuri anaipenda kwa wepesi wa kujibu. Wepesi huo huo ndio umeishusha hapa. Kwenye matoleo ya zamani ya Pro chunguza kiki: ikanyage polepole mpaka uhisi meno yamekamatana, kisha teremsha mpaka chini kwa mguu mzima. Ukisikia inakwaruza au inaruka jino, waliokutangulia walikuwa wanaipiga teke, na gia za ndani zimeliwa.

Ya nne: Montesa Cota 4RT 260

Hii ndiyo jamaa wa pikipiki ambayo Toni Bou amechukulia ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007. Usidanganyike na jina hilo. Bou angeshinda hata kwa toroli. 4RT ni ya mipigo minne (four-stroke), ina sindano ya mafuta badala ya kabureta na haina betri. Inashika ardhi yenye utelezi vizuri mno, na haina habari ya kuchanganya petroli na oili. Ila ni nzito kwa kilo kadhaa, ukikata mafuta injini inavuta nyuma kwa nguvu, na hilo linakutaka ujifunze upya namna ya kuteremka. Oili ya injini na ya gia hukaa mbalimbali, zote ni kidogo, zinabadilishwa mara kwa mara. Mwulize muuzaji alibadilisha lini na utazame uso wake. Kama ulitoka kwenye mipigo minne zamani, ipandishe hadi nafasi ya pili.

Ya tano: ya umeme

Electric Motion ya Ufaransa, kwenye mfululizo wa Epure, inatengeneza matoleo yenye klachi halisi, na hayo ndiyo pekee ninayoyapendekeza kwa anayetaka kuboresha ufundi. Faida yake kubwa ni jirani. Unaweza kufanya mazoezi ya mizunguko uani kila jioni bila mtu kupiga simu, na mazoezi ya kila jioni yanazidi pikipiki yoyote niliyoitaja hapo juu. Kilichoishusha ni bei, na betri ya mtumba ambayo huwezi kuijua afya yake kwa kuitazama.

Ya sita: ya kizamani yenye shokapu mbili nyuma

Bultaco Sherpa T, ambayo mchezaji Sammy Miller aliisaidia kuzaliwa na kuipatia ushindi wa mashindano ya trayali ya Siku Sita za Scotland mwaka 1965, Fantic 240, Yamaha TY 175. Kwenye klabu za Uingereza zina daraja lao, watu wake wana utani mwingi na chai nzuri. Lakini breki za ngoma na uzito wake havitakufundisha ufundi wa leo. Nunua kwa mapenzi, na bei zake siku hizi zinataka mapenzi kweli.

Za kuacha kabisa: 300 za mashindano, na 125 kwa mtu mzima. Hiyo 125 inataka izungushwe sana ndipo ivute, nawe bado unatafuta kusimama.

Pesa inayobaki

Pikipiki mpya ya daraja hili inazidi pauni 5,000 kwa urahisi. Ya miaka sita au saba hupatikana kwa karibu nusu. Tofauti hiyo usiimalize yote.

Anza na tairi la nyuma. Inamia utazame vidole vya mpira pale katikati: ukingo unaokamata jiwe unapaswa kuwa na kona kali kama sabuni mpya. Ukiwa umeviringika, tairi limekwisha hata kama vidole bado virefu. Baadhi hulitoa na kuligeuza ili ukingo wa upande wa pili ufanye kazi, na unapata miezi ya ziada. Kwa kununua jipya, Michelin X-Light ndiyo wengi wanaifunga. Presha ni ndogo kuliko ulivyozoea barabarani: karibu psi 4 nyuma, 5 au 6 mbele. Geji ya kituo cha mafuta haisomi huko chini, nunua ya kwako.

Kisha buti za trayali zenye soli inayopinda. Buti za motokrosi zinakaba kifundo cha mguu, na bila kifundo hutahisi vikanyagio. Kisha mkono wa mafuta wa mzunguko wa polepole, kipuri cha bei ndogo kinachopunguza ukali wa injini kuliko marekebisho mengi ya gharama. Na kamba ya kuzimia injini unayoivaa mkononi lazima ifanye kazi. Ivute mbele ya muuzaji.

Mengine ya ukaguzi ni ya haraka. Nyanyua gurudumu la nyuma kwa mkono usikie kama viungo vya shokapu vinagonga. Iache ikinguruma mpaka feni ya rejeta iwake, maana pikipiki inayokwenda taratibu hivi bila feni huchemka. Linganisha namba ya fremu na karatasi. Uingereza, petroli ya kawaida pampuni tangu 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Tia E5, yenye ethanoli kidogo zaidi, hasa kwenye kabureta inayolala wiki nzima.

Miezi mitatu ya kwanza

Tafuta nyasi tambarare. Panga mawe mawili, zunguka kwa umbo la nane, usukani umekunjwa hadi mwisho, gia ya kwanza, kidole kimoja kwenye klachi. Uzito uweke kwenye kikanyagio cha nje ya kona, kiuno kitoke nje, macho yatangulie kule unakokwenda. Kisha simama bila kwenda, gurudumu la mbele likiegemea jiwe, upumue. Magogo na ngazi vitangoja. Anayeweza kugeuka taratibu mahali padogo atawashinda wanaoruka, hasa kwenye njia rahisi za klabu, ambako alama nyingi hupotea kwenye kona za matope.

Ukiwa Nairobi au Arusha, geuza orodha yangu: ya kwanza ni ile ambayo kuna mtu anayeweza kukuletea vipuri vyake kwenye sanduku la ndege. Sahani za klachi, pistoni na pete zake, pampu ya maji, mikono ya klachi na breki. Agiza hivyo pamoja na pikipiki yenyewe. Kwa hesabu hiyo Evo inabaki juu, na Montesa inaporomoka mpaka chini, maana pampu ya sindano ya mafuta ikifa huko hutaipata kwa fundi wa bodaboda.