TAHADHARI: Muuza sabufa za zamani hapa Mtwara amenila 350,000

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naandika huku mikono inatetemeka. Tangu juzi chakula hakipiti.

Ile gari yangu ya zamani, Toyota GX81, mnaijua, na mnajua nataka kila kilichomo kiwe cha umri wake. Deki ya kaseti ninayo, ampu ninayo, ilibaki sabufa tu. Hela ya korosho ilipoingia nikasema sasa. Nilikuwa natafuta inchi 12 yenye koili moja ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), maana ampu nyingi za miaka ya 90 ukizibriji, yaani ukiunganisha chaneli mbili ziwe moja, hazivumilii chini ya hapo. Tena pembeni mwa koni, ule uso wa sabufa unaotikisika, iwe mpira, isiwe sponji. Sponji ya miaka 30 kwa joto na unyevu wa pwani hii inamong'onyoka kama mkate mkavu. Yote hayo nilimweleza huyo bwana kwenye simu, neno kwa neno. Kumbe nilikuwa namfundisha cha kuniuzia.

Akaniita Mikindani jioni. Nilikuta buti la Noah yake liko wazi, sabufa imo kwenye boksi inapiga. Niliweka kiganja kwenye koni mwenyewe. Besi nzito, safi, haina mkwaruzo hata akipandisha sauti. Kwenye fremu, karibu na skrubu ya juu, palikuwa na mchubuko mrefu kama ukucha, na ndio nilioutumia kumshusha bei kutoka laki nne. Alikubali upesi mno. Akazifungua skrubu zote mbele yangu, akaifunika sabufa kwa kipande cha kitenge, akasema anaingia ndani kuchukua katoni. Adhana ya Magharibi ikaanza. Akatoka na katoni imezungushiwa solotepu pande zote, akanipa: "Shika kaka, tuwahi swala." Tukaswali safu moja, bega kwa bega. Tulipotoka msikitini nikamtumia hela kwa simu, nikaondoka.

Msiniulize kwa nini sikufungua. Huyu mtu siku mbili kabla aliongea na mama yangu kwa Kimakonde, akamwamkia vizuri, akamuombea mguu upone. Mtu mmeswali naye, unaanzaje kumchania katoni mbele ya watu kama unamshuku wizi?

Asubuhi nafungua, harufu ya kwanza ni kiwi. Kiwi ya viatu! Nikapitisha kidole pembeni mwa koni, kikatoka cheusi, na chini yake ni sponji imepasuka, imeunganishwa kwa gundi na kupakwa kiwi ing'ae kama mpira. Mchubuko kwenye fremu haupo. Nikageuza nyuma, lile sumaku kubwa ni kava la plastiki. Ndani kuna sumaku dogo kama andazi. Fundi akaweka mita ya umeme, ikasoma omu 1.7. Nikang'ang'ania tujaribu (nilikuwa sitaki kuamini), ampu ikachemka, taa nyekundu ikawaka, ikajizima. Ningeilazimisha ningepoteza na ampu yenyewe, ambayo naipata wapi tena?

Nimempigia, simu haipokelewi. Leo namba haipatikani kabisa. Muamala ninao, ujumbe wake wote ninao, na polisi nimeshafika. Akamatwe, alazwe ndani, arudishe hela ya kila mtu aliyemuibia, na hiyo Noah ishikiliwe mpaka alipe. Mtu anayetumia swala kuiba hastahili kuombewa msamaha na wazee, na wazee wa mtaa wake nitawafuata mmoja mmoja mpaka wamlete mbele yangu.

Kwa wanaotafuta za zamani: iliyopigwa mbele yako ndiyo uondoke nayo mkononi, isiingie ndani ya nyumba hata dakika moja. Nendeni na mita. Ya omu 4 nzima husoma kama 3 na kitu. Bonyeza koni taratibu kwa mikono miwili, ukisikia inakwaruza ndani acha. Nyanyua uone uzito wake. Na nuseni, jamani, nuseni.

Kuna mwenzetu wa Lindi aliniandikia mwezi uliopita kwamba ana miadi na muuzaji mwenye Noah, nami nikamjibu aende bila wasiwasi. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, njoo na muamala wako Mtwara twende kituoni pamoja.