Puti ya ndoo juu ya kuta za mbao: inafaa, ila lebo yake haijasema yote

Kuta za sebule yangu zimefunikwa kwa paneli za mbao zilizopakwa vanishi, na mifereji yake ya wima ilikifanya chumba kionekane chenye giza hata mchana. Sikutaka kuzing'oa, hivyo nilinunua puti ya ukutani, yaani uji mzito wa kusawazisha ukuta, iliyokwisha kuchanganywa, ile ya kwenye ndoo, ambayo lebo yake inaahidi kwamba hushika juu ya ukuta wa aina yoyote. Nimeitumia kwenye kuta tatu, na kwa mbao zenye vanishi ahadi hiyo si ya kweli.

Ukuta wa kwanza niliufanya kama lebo inavyoelekeza, yaani kufuta vumbi na kupaka. Siku ya tatu niliugusa kwa kucha, kikabanduka kipande kizima cha ukubwa wa kiganja, na mgongo wake ulikuwa laini na wenye kung'aa kama vanishi yenyewe, kwa kuwa hakikuwa kimeshika chochote. Juu ya kifundo cha ubao palikuwa na doa la manjano kama maji ya kutu: tanini, yaani kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, huyeyuka katika maji ya puti na kupanda hadi juu, na rangi ya maji hailizuii doa hilo.

Kwa hiyo nilibandua yote, nikapiga msasa namba 120 hadi mng'ao ukaisha, nikapaka praima (rangi ya msingi) ya mafuta ya kuzuia madoa na kuiacha usiku kucha. Maungio ya paneli niliyabandika mkanda wa wavu, maana mbao hutanuka na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na puti iliyo tupu mahali hapo hupasuka. Mifereji niliijaza mara mbili, kwani puti hii hukauka kwa kupoteza maji na hivyo hunywea. Ukijaza mara moja, mstari hurudi.

Baada ya hapo puti hii ilinifurahisha kweli. Niliipaka kwa unene wa milimita 2 hivi, nikapitisha mwiko niliouinamisha kidogo bila kuukandamiza, ukawa unashika hapa na kuruka pale, na kwa kuwa haikauki upesi nilipata nafasi ya kurudia palipokosewa. Jioni, mwanga wa dirishani unapoupiga ukuta kwa upande, kila ukingo hutoa kivuli chembamba, na mifereji haionekani tena. Ukuta wa tatu nilitumia rola yenye manyoya marefu, iliyotoa vinundu vidogo vidogo. Ni rahisi zaidi, ingawa hukamata vumbi na singeipendekeza jikoni.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiongeza mtengenezaji atakapoandika kwenye ndoo kwamba mbao zenye vanishi zinahitaji msasa na praima kwanza.