Fomu siksi, kadeti na shati la kitani: nguo nilizovaa Bagamoyo na familia

Nguo za baba anayekwenda Pwani na familia zina kazi nyingi kuliko za mtalii. Mtalii akitoka majini anajilaza kwenye kiti chake, basi. Baba akitoka majini ana mtoto wa kubeba, ana chakula cha kuagiza, na kwa upande wetu, kwa kuwa mama mkubwa wa mke wangu anaishi Bagamoyo, ana wakwe wa kwenda kuwaamkia jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo shule zilipofunga mwezi wa sita na safari ikaiva, nilitafuta nguo za kunitosha ufukweni na ukweni bila kubeba begi mbili. Nikaangukia mtindo wa wanafunzi wa vyuo vya zamani vya mashariki mwa Marekani: fulana ya kola (ndiyo fomu siksi), suruali ya kadeti, shati la kitani, sweta jepesi, na zile moka za ngozi zenye soli nyeupe. Karibu zote zilipatikana hapa hapa Dodoma.

Naanza na fomu siksi kwa sababu ndiyo niliyoivaa kuliko zote. Fulana hii ilizaliwa kwa ajili ya jua na jasho. René Lacoste, mcheza tenisi wa Ufaransa, hakuridhika na mashati ya mikono mirefu waliyokuwa wakichezea enzi zake, na mwaka 1926 akaingia kwenye mashindano ya Marekani na fulana ya pamba ya mikono mifupi, yenye kola laini. Mwaka 1933 akaanza kuiuza, na mamba wake kifuani. Siri iko kwenye ufumaji: kitambaa kina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, upepo unapita na jasho linakauka. Ndiyo maana nasema kabla hujatazama nembo, igeuze fulana ndani nje, uinyanyue kwenye mwanga. Vitundu visipoonekana, umeshika kitu kingine.

Mbili nilizipata kwenye mitumba ya Sabasaba, moja ya bluu iliyokolea na moja nyeupe, shilingi 10,000 kila moja. Fika asubuhi siku wanayofungua belo. Ukichelewa, wenye maduka ya nguo wameshapita wamechagua. Mimi huangalia kola kwanza: ikiwa imelegea na kujikunja ncha, hata fundi hawezi kuirudisha. Kisha kwapani, mahali ambapo rangi ikififia haina dawa. Kisha vifungo. Fulana nzuri ina vifungo vya chaza, vizito kidogo, vya baridi ukivigusa mdomoni. Vya plastiki vinakuwa vya uvuguvugu.

Ya tatu ilikuwa mpya, ya duka moja mjini, shilingi 35,000, rangi ya matumbawe ya kuvutia sana. Hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote. Kitambaa ni poliesta tupu ingawa muuzaji aliapa ni pamba. Saa tano asubuhi ufukweni ilikuwa imenata mgongoni, na mpaka mchana ilikuwa na harufu ambayo sabuni ya kwanza haikuitoa. Inaniuma kwa sababu kuna baba wengi wanaojinyima wanunue kitu kipya kwa ajili ya likizo, wanauziwa hicho. Ile nyeupe ya mtumba, yenye umri nisioujua, ilifuliwa usiku, ikaanikwa dirishani, na asubuhi ikavaliwa tena kana kwamba haijawahi kuguswa na chumvi.

Shati la kitani lilinigharimu zaidi, 45,000, na nililipata kwa mama mmoja anayechagua mitumba ya daraja la kwanza na kuipiga pasi kabla ya kuiuza. Kitani hunyonya jasho upesi na kulitoa upesi, na kwa kuwa kitambaa chake ni kikavu na kigumu kidogo, hakilali kwenye ngozi. Kwa joto la Pwani, lenye unyevu, sijavaa kitu kinacholikaribia. Sisi wa Dodoma tumezoea joto kavu; jasho letu linapotea lenyewe. Bagamoyo jasho linakaa, na hapo ndipo kitambaa kinaonyesha thamani yake.

Lakini kitani kinakunjamana, na anayetaka kuonekana amenyooka kama karani siku ya usaili atateseka nalo. Tuliposhuka treni Dar lilikuwa limejaa mikunjo kiunoni na kwenye viwiko. Nililiacha hivyo hivyo, mikono nikaikunja mpaka chini ya kiwiko, na mke wangu, ambaye huwa hanifichi, akasema limependeza. Adui yake wa kweli ni dafu. Maji ya dafu yakidondokea nguo hayaonekani siku hiyo; yanakuja kuwa doa la kahawia baadaye, na halitoki. Kijana wetu mdogo alinimwagia kifuani. Bahati nzuri muuza madafu alikuwa mtu wa pale pale, akaniambia niloweke papo hapo kabla halijakauka. Nikalisuuza kwa chupa yetu ya maji ya kunywa, na hadi leo shati ni safi.

Kadeti ndiyo iliyonipa heshima. Nilikuwa na mbili za rangi ya mchanga. Moja nikampelekea fundi wa Majengo aikate iwe pensi, akanitoza 3,000. Nilimsisitizia urefu: ifike gotini, isipande. Pensi ya namna hiyo inafaa kutembea kwenye magofu ya Kaole, inafaa hotelini, na hata mtaani Mji Mkongwe wa Bagamoyo hakuna mzee atakayekugeuzia uso. Ukweni ni habari nyingine. Mke wangu alikuwa ameshanieleza kwamba kwa mama yake mkubwa mwanaume haingii na pensi, iwe ya gharama gani. Nikavaa kadeti ndefu na shati la kitani, mkanda wa ngozi, nikaketi kwenye mkeka. Mama alinitazama kutoka juu hadi chini alivyokuwa akipokea shikamoo yangu, akasema, “Marahaba, karibu mkwe wangu. Umevaa kama mtu anayejua anakokwenda.” Kwangu mimi hiyo ni sifa iliyolipa gharama zote.

Moka za baharia zina historia nzuri. Mmarekani Paul Sperry alizitengeneza mwaka 1935 kwa watu wa mashua, soli yake ikichanjwa mistari myembamba ili isiteleze kwenye sakafu iliyolowa. Nilizijaribu soko la samaki la Bagamoyo, pale sakafu inapokuwa maji na magamba, watu wanasukumana kwenye mnada, nami nina binti mkononi. Hazikuteleza hata kidogo. Mchangani, hata hivyo, ni mateso: mchanga unaingia, unasugua kisigino, na maji ya bahari yanaacha mstari mweupe wa chumvi kwenye ngozi. Zisuuze kwa maji baridi, zikaushie kivulini, zipake mafuta. Ufukweni vaa ndala.

Na hapa niseme jambo ambalo mtindo wa Wamarekani hauna. Ukitoka majini na bukta iliyolowa, hakuna nguo yao inayoshinda kikoi. Nilikifunga kiunoni juu ya bukta, fomu siksi ya bluu juu, nikaenda kuagiza chakula nikiwa nimejisitiri. Kikoi hicho hicho kilimfunika mtoto alipolala, na upepo wa kusi ulipozidi kilikuwa shuka ya mke wangu. Bahari ya Bagamoyo hukupwa mbali sana, mnaweza kutembea mchangani muda mrefu kabla maji hayajafika magotini, kwa hiyo ulizeni wenyeji saa za maji kujaa kabla hamjawavua watoto nguo.

Sweta watu wengi watalidharau kwa safari ya Pwani. Mwezi wa sita, Dodoma alfajiri ni baridi ya upepo, mnaijua. Kituoni nilikuwa nimelivaa, ndani ya behewa la SGR kiyoyozi kilinifanya nisilivue, na tuliposhuka kwenye joto nikalifunga mabegani. Safari yenyewe haina la kulalamikia: daraja la kawaida tulilipa 31,000 kila mtu mzima, watoto wenye miaka 4 hadi 12 nusu yake, na treni hii ya umeme iliyoanza kuja Dodoma Julai 2024 imetuondolea kule kukaa kwenye basi siku nzima na watoto wanaotapika. Kutoka Dar tulikodi gari. Kwa mizigo na watoto ni afadhali kuliko kugombania basi Makumbusho.

Tangu turudi, nguo hizi hazijalala kabatini. Kadeti na fomu siksi nyeupe ni vazi langu la Ijumaa kazini. Nyeupe hiyo naifua kwa maji ya mvua niliyokinga, maana maji yetu ya visima yana chumvichumvi na yanakaza kitambaa. Anayepanga kwenda likizo ya Desemba aache sweta nyumbani, kaskazi wakati huo ni joto usiku na mchana. Nafasi yake aweke shati la pili la kitani, la mikono mirefu, kwa sababu jua la saa sita ufukweni linachoma mikono kuliko anavyodhani.