Sensa ya krankshafti: kusoma kodi au kupima kwa multimita?

Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka kama kawaida. Huenda ni sensa ya krankshafti, ile inayoiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka. Wengi hapo hukimbilia mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta hiyo. Ni ya haraka, na ikitoa P0335, kodi ya saketi ya sensa hii, unajua pa kuanzia. Ila kodi hiyo inalaumu saketi nzima, si sensa peke yake: waya uliochunika au plagi iliyoingia oili huleta kodi ileile. Mimi mashine hiyo naipendea jambo jingine. Piga stata huku ukitazama RPM (kasi ya injini) kwenye kioo chake. Injini ikizunguka na kioo kikabaki 0, kompyuta huenda haipati ishara.

Multimita inachosha, na mara nyingi utalala chini ya gari, lakini ndiyo inayotenganisha sensa na waya. Sensa ya koili, mara nyingi yenye waya 2, ipime omu (ukinzani), kisha volti za AC mwenzako akipiga stata. Ya Hall, yaani ya kielektroniki inayohisi sumaku, yenye waya 3, achana na omu kabisa. Tafuta umeme unaoingia, kwa kawaida volti 5 au 12, pamoja na ethi. Na uipime ingali ya moto, maana ikipoa hukudanganya.