Overloki ya nyuzi nne kwenye ushonaji wetu wa nguo za vichanga: uzoefu wangu

Nimekaa miezi kumi na minne na overloki hii, mashine inayofunga ukingo wa kitambaa kwa uzi. Kila wiki kuna dada ananiuliza kama inafaa kwa biashara ya nyumbani, kwa hiyo naandika yote niliyoyaona, mazuri na mabaya.

Sisi ni familia ya Morogoro. Tunashona seti za kujifungulia zenye vipande vitano: kofia, blauzi ya kufungia ubavuni, suruali, glavu za mikono na kitambaa cha kukinga mate. Tunashona pia mbeleko za kanga zenye bitana. Mama ndiye anayekata, mimi nashona, mdogo wangu anapiga pasi, anafungasha na kujibu wateja kwenye simu. Mume wangu anashika daftari la mahesabu, na nashukuru kwamba analishika vizuri, kwa sababu bila lile daftari nisingejua kama mashine imelipa au la.

Tulianza na cherehani ya mama, Butterfly ya miguu, ambayo inapiga mshono ulionyooka tu. Kingo za ndani tulikuwa tukizikunja mara mbili na kuzishona. Nguo ilionekana safi kwa nje. Halafu siku moja akaja mama mjamzito wa miezi minane, muuguzi kwa kazi yake. Aliikunjua blauzi, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha taratibu kwenye mshono wa kwapa. Akaniambia, "Dada, hapa patamkwaruza mtoto." Akaikunja tena vizuri na kunirudishia. Nami nikapitisha ukucha wangu palepale. Kulikuwa na tuta gumu la kitambaa kilichokunjika, nene kama kamba ya kiatu, na ngozi ya kichanga ni laini mno kwa kitu kama kile.

Tangu hapo tukaanza kupeleka kazi mjini kwa fundi mwenye overloki. Alitutoza 1,000 kwa seti nzima. Tulikuwa tunauza seti kama 60 kwa mwezi, hiyo ni 60,000. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000, mara tatu kwa wiki, inakaribia 48,000 nyingine. Jumla 108,000 kila mwezi, na bado unasubiri foleni nyuma ya sare za shule. Januari ndiyo ilikuwa balaa: sare zinaingia kwa marobota, na mama mjamzito hawezi kumwambia mtoto asubiri shule zifunguliwe.

Tulipofikisha akiba ya 850,000 tukaamua kununua yetu, yenye meza na mota. Nilikwenda Kariakoo kwa treni ya SGR, ambayo ilikwishaanza safari za Dar na Morogoro tangu Juni 2024, na hiyo treni nayo inastahili sifa yake hapa. Zamani safari ya kununua vitambaa Mtaa wa Uhuru ilinilia siku nzima na usiku mmoja kwa ndugu. Sasa natoka asubuhi, nazunguka madukani, na jioni nawanyonyesha wanangu nyumbani.

Sasa mashine yenyewe. Ni ya kiwandani, sindano mbili, nyuzi nne, na kisu kinachokata ukingo wakati huohuo inashona. Dukani kulikuwa na za aina mbili. Moja ina mota ya klachi, ile inayonguruma muda wote ukishawasha swichi, hata kama hujakanyaga. Nyingine ina mota ya servo, inayozunguka pale tu mguu unapobonyeza. Muuzaji alinisukumia ya klachi kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu kidogo. Nilikataa, na mpaka leo naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote niliyofanya siku ile. Chumba tunachoshonea ndicho wanacholala watoto mchana. Servo ni kimya, na umeme wa LUKU hauliwi wakati napanga kitambaa au naongea na mteja. Pia unaweza kuipunguza kasi, jambo kubwa sana kwa mtu anayejifunza, maana mashine hizi zikiachiwa zinakimbia mishono maelfu kwa dakika na kisu hakisubiri ushituke.

Mishono yake naisifu bila kusita. Ukingo unatoka bapa, umefunikwa na uzi pande zote, hakuna tuta. Kwenye kitambaa cha tisheti kinachovutika, kuna kishikio cha kurekebisha jinsi meno ya mbele na ya nyuma yanavyovuta. Ukikiweka sawa, shingo ya blauzi hailegei wala kupiga mawimbi. Ilinichukua wiki nzima kukielewa. Niliharibu karibu mita mbili za kitambaa cha pamba, na siku hiyo mama aliketi kando yangu akinipa vipande vya makapi kimoja baada ya kingine, bila kusema neno, mpaka kikanyooka.

Matatizo nayo yapo. Muuzaji aliahidi kumleta fundi nyumbani kuifunga na kutufundisha. Fundi hakuja. Simu zikapokelewa mara mbili, baadaye hazikupokelewa kabisa. Tukamtafuta fundi wa hapa Morogoro tukamlipa wenyewe, na yeye ndiye aliyegundua kisu cha chini kilikuwa butu tangu dukani. Kitambaa kilikuwa kinatafunwa badala ya kukatwa, nami nilidhani kosa ni langu.

Fundi huyo alinifundisha kutunga uzi, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Kuna vile vyuma viwili vilivyopinda, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vinavyobeba uzi chini ya sindano. Unatunga cha juu kwanza, halafu cha chini, na sindano mwisho kabisa. Ukianza na sindano ukamalizia cha chini, uzi unakatika kila ukikanyaga, na utaizungusha mashine mpaka jioni bila kujua kwa nini. Nilikaa siku mbili hivyo. Na ukitaka kubadili rangi, usichomoe uzi wa zamani. Kata karibu na koni, funga uzi mpya kwa fundo dogo, kisha kanyaga taratibu mpaka fundo lipite. Kwenye tundu la sindano fundo halipiti, hapo kata na utunge kwa mkono.

Mafuta ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Ile mashine ina kidirisha kinachoonyesha kiwango cha mafuta, na fundi alinionya nisizidishe. Asubuhi moja nikawa na haraka, nikaanza moja kwa moja na kitambaa cheupe bila kupitisha makapi kwanza. Blauzi kumi na moja zikapata madoa ya mafuta kwenye mishono. Zote zilikuwa oda ya mteja mmoja. Tulizifua kwa sabuni ya kipande, tukaanika juani, tano zikapona, sita tukazishona upya kwa gharama yetu. Nilimpigia mteja nikamwambia ukweli, akasubiri siku mbili. Tangu hapo kila asubuhi naanza na makapi, na kila Jumamosi mdogo wangu anafungua kibati cha chini na kufagia vumbi la pamba kwa brashi. Hilo vumbi linajaa haraka kuliko unavyodhani.

Umeme ukikatika, overloki imelala. Butterfly ya mama inaendelea, kwa hiyo tunapanga kazi: mishono iliyonyooka inawekwa akiba kwa saa hizo. Asiyekuwa na cherehani ya miguu pembeni afikirie hili kabla hajatoa pesa.

Na kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita: mbeleko. Overloki inafunga ukingo wa mbeleko vizuri sana, lakini haitoshi peke yake mahali panapobeba uzito wa mtoto. Pale mikanda inapoungana na kitambaa tunapiga overloki, halafu mishono miwili iliyonyooka juu yake kwa cherehani ya kawaida. Kila mbeleko ikikamilika mama anaikanyaga kwa goti na kuvuta mikanda kwa mikono yote miwili kabla haijafungashwa. Nimeona mbeleko za watu wengine zilizofungwa kwa overloki tupu, zinapendeza dukani, na nikiziona mgongoni kwa mtu barabarani moyo unanidunda.

Kuhusu pesa, daftari linasema hivi. Kwa hesabu ya zile 108,000 tulitegemea mashine ijilipe miezi minane. Ilijilipa mwezi wa tisa, kwa sababu hatukuhesabu koni za uzi (zinaingia nne kwa wakati mmoja), sindano na malipo ya fundi. Mauzo yalipanda kutoka seti 60 hadi 110 hivi kwa mwezi. Kwa siku nzuri tunamaliza seti kumi, zamani tulihangaika kufikisha nne. Yule muuguzi alirudi akiwa na mtoto wake mgongoni, akageuza tena blauzi ndani nje, akapitisha ukucha, akachukua tatu. Wenzake wawili wa kazini walikuja wiki iliyofuata.

Kwa anayeshona seti chini ya 30 kwa mwezi, ningemwambia aendelee kupeleka kwa fundi kwanza. Akizidi hapo, anunue, na achukue ya servo.

Ukienda dukani, beba vitambaa vyako mwenyewe, kile cha tisheti na kile cha kawaida, usijaribie kipande chao. Mwambie muuzaji atoe nyuzi zote nne na azitunge upya mbele yako, huku ukimrekodi kwa simu. Kisha tazama kisu kinavyokata, geuza mshono, upitishe ukucha.