Vidonge vya majira sina neno navyo, ila lile duka!

Naanza na kijana wa duka la dawa kwa sababu yeye ndiye aliyenitumbua nyongo. Zahanati ilikuwa imeishiwa, nikaambiwa nirudi wiki ya pili yake, na pakiti yangu imebaki vidonge viwili. Nikateremka duka moja huku mtaa wa Langoni. Nimevaa ninja, yaonekana macho tu, nikajiona nimejisitiri. Nikamnong'oneza kuwa nataka vidonge vya majira. Akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kwa sauti utadhani yuwaadhini: "Za kuzuia mimba? Na mumeo yuwajua?"

Nyuma yangu wamesimama wazee wawili na jirani wa mama mkwe. Vichochoro vya Lamu punda wawili hawapishani, lakini habari hupita. Magharibi haijaingia, nimeshaulizwa nyumbani kama watoto watatu wamenitosha. (Mume wangu yuwajua. Yeye ndiye hunikumbusha kumeza.)

Hakuniuliza kama nanyonyesha. Hakuniuliza presha. Aliuliza mume! Kisha akanitupia pakiti ya jina jingine, "zote ni mamoja," akageukia mteja mwengine.

Si mamoja! Za zahanati ni vidonge 28: 21 vya dawa na 7 vya rangi ya kahawia. Humeza tu kila siku baada ya Isha, sihesabu. Hii yake ilikuwa na 21, basi. Vilipokwisha nikafungua pakiti ya pili kesho yake, kama nilivyozoea. Siku za hedhi zikaja zikapita, damu hakuna. Wiki mbili silali, kila nikinusa samaki nasema ndiyo hiyo mimba.

Nesi wa zahanati alicheka hadi akakaa. Vile vya kahawia ni madini ya chuma tu, homoni hamna. Ningepumzika siku 7 kabla ya pakiti mpya, na nilivyounganisha ndiyo maana sikuona damu, wala hapana madhara. Shoga yangu hufanya hivyo makusudi Ramadhani ili afunge mwezi mzima, na mimi sijui! Neno moja la yule kijana lingenitosha.

Na hapo nikaona haya kidogo, maana nesi alitazama pakiti zote mbili akasema dawa ndani ni ile ile, kiasi kile kile. Kijana hakusema uongo. Bado hana adabu.

Vidonge vyenyewe navipenda. Mwezi wa kwanza kichefuchefu kilinitesa, nikahamishia baada ya chakula cha usiku, kikaisha. Kabla yake nilidungwa sindano ya miezi mitatu: matone kila siku mbili, sijui ni hedhi au istihadha (damu isiyo ya hedhi), niswali au nisiswali. Sindano yamfaa msahaulifu, sikatai. Nesi asema vidonge ukivimeza sawasawa, kwa mwaka hashiki mimba hata mmoja katika wanawake 100, lakini kwa tunavyovimeza sisi, tukisahau hapa na pale, hushika kama 7. Mimi husahau. Kwa hiyo labda hata sifa zangu zipunguzeni.

Duka lile silikanyagi tena, nimeapa. Ila pakiti yaniishia Alhamisi, na jana zahanati wameniambia tena nirudi wiki ijayo.